Sanduku Moja, Pamoja na Mwenyewe

Haya nitakayoyasema, nusu niliyaona kwa macho na nusu niliyasikia kupitia dari yangu, maana Hallbera alikaa juu na mimi nakaa chini, na waliojenga nyumba zetu hizi za Ålesund walibania mbao. Ambalo sikuliona wala kulisikia nilimwuliza mwenyewe tukinywa kahawa. Asiponijibu, nilingoja. Mimi kungoja najua.

Jambo lilianza na uzito.

Hallbera na mumewe Ketill walihama Iceland mwanzoni mwa Juni, Ketill amepata kazi ya kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli. Binti yao Unnur alikuwa na miaka sita. Vitu vya nyumba vilikuja nyuma yao baharini ndani ya kontena, vipande sitini na vinne, kila kipande na namba yake. Namba ya sitini na nne ilikuwa sanduku la mbao la kizamani, kimo cha goti, limechorwa mawaridi yaliyokwisha kufifia. Kule Akureyri, mji walikotoka, wanaume wawili walilibeba huku wanapiga soga. Huku liliwashinda wawili, likawashinda watatu, likapanda ngazi zetu juu ya mabega ya wanne, na mmoja wao alitukana kila ngazi kwa jina lake.

"Mama, humu mmetia jiwe la kaburi?" aliuliza huyo mtukanaji.

"Vitambaa vya bibi yangu tu," Hallbera akamjibu. "Labda ninyi ndio mmelegea."

Alicheka, na mimi niliyekuwa nimeegemea mlango wangu nikacheka. Lakini lilipopita mbele yangu nilinusa kitu: sufu iliyolowa na maziwa yaliyochacha.

Sasa nirudi nyuma, nieleze lilivyofika kwenye kontena.

Ukihamia nchi hii, forodha wanakuacha uingize vyombo vyako bila ushuru mradi viwe vyako kweli na uwe umevitumia mwaka mzima. Unaviorodhesha vyote na unatia sahihi chini. Usiku ule wa kuamkia kufunga mizigo, dada yake Hallbera alitoka shambani Kaldhamar kuja kusaidia. Steinvör huyo ni kifungua mimba, Hallbera ni kitinda mimba, na kati yao kuna miaka ishirini na moja. Mama yao alifariki mapema, kwa hiyo Steinvör ndiye aliyemwogesha Hallbera, akamsuka nywele, akampeleka shule. Alikuja na nyama ya kondoo ya moshi, mikate myembamba, na nyuma ya gari sanduku lile.

"Bibi alisema ni lako," alisema.

"Bibi? Mbona hakuniambia?"

"Aliniambia mimi. Ufunguo ulipotea zamani, usihangaike nao."

Hallbera akampa kalamu. "Basi andika wewe, dada. Mwandiko wangu kama kuku kakanyaga wino."

Steinvör akaandika orodha yote kwa mwandiko wake mzuri wa shule. Hallbera aliipitia huku anatafuna, akafika mwisho, akacheka hadi akapaliwa.

"'Sanduku la mbao, moja, pamoja na mwenyewe.' Mwenyewe tena? Wanataka na mimi nibandikwe namba?"

"Ndivyo forodha wanavyotaka iandikwe," Steinvör alisema bila kuinua kichwa. "Mwenyewe ni mwenye mzigo. Si wewe huyo? Tia sahihi, mdogo wangu, kahawa inapoa."

"Lakini hapa inasema nimelitumia mwaka mzima, nalo limekaa kwako siku zote."

"Ukisema ni langu watakutoza. Kauongo hako hakajazi hata kijiko."

Hallbera akatia sahihi. Steinvör akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua gunia, na machozi yakamtoka. Hallbera akamkumbatia, akidhani dada yake anaona uchungu wa kuachana.

Haya, turudi Ålesund.

Sanduku waliliweka ukumbini karibu na mlango wa kuingilia. Asubuhi ya pili Hallbera akalikuta limesogea shibiri moja. Akamwuliza Ketill, Ketill akasema yeye mgongo wake ni wa kazi, si wa kuhamishahamisha samani kwa furaha. Asubuhi ya tatu, shibiri nyingine. Mimi huku chini niliusikia mburuzo wake, krrr, unanyamaza, halafu krrr, na wala haukuwa usiku, maana mwezi wa Juni kwetu hakuna giza la kulisingizia. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limejaa dirishani, Ketill yuko kazini na Hallbera yuko dukani na mtoto.

Nilipomwambia, aliniangalia kwa jicho la huruma, lile wanalowaangalizia wazee. "Bibi, labda ni mabomba."

"Mabomba yangu nayafahamu kuliko watoto wangu," nikamwambia. "Hayana miguu."

Siku ya tano samaki mkavu aliyeachwa mezani na siagi yake aliliwa, sahani ikarudi kabatini imeoshwa. Siku ya saba Unnur aliamka nywele zimelowa chapachapa. Godoro kavu, mto mkavu, nywele zinachuruzika maji baridi, na ndani yake Hallbera akatoa kipande cha kuvumwani, ukoga wa mawe ya mlimani, ule wa kijivu usioota mjini kwetu.

"Uliingia bafuni, mwanangu?"

"Hapana. Nilikuwa nje na mama wa sandukuni."

"Mama gani?"

"Yule mwenye sketi nzito. Anasema yeye kalala nje sana, sasa zamu yangu."

Hallbera akampigia dada yake simu, kwa kuwa tangu utotoni jambo lolote likimtisha alikimbilia kwa Steinvör. Lakini hakupata nafasi ya kusema lake. Steinvör alikuwa amechangamka kupita kiasi, anacheka kabla ya kichekesho. Mjukuu wake Eydís, binti wa miaka kumi na minane, ambaye majira yote ya baridi alilala hoi pale shambani kwa kifua kisichoeleweka, amepona! Madaktari wameshangaa! Kainuka kitandani wiki mbili zilizopita, kahamia mjini Akureyri kutafuta kazi ya kiangazi, anacheza dansi!

"Wiki mbili zilizopita lini?" Hallbera aliuliza.

Steinvör akasema, "Nimeacha chungu motoni," akakata.

Hallbera akahesabu kwa vidole. Ilikuwa siku meli yenye kontena lao ilipong'oa nanga.

Siku iliyofuata ndiyo iliyommaliza. Ilikuwa saa nane mchana, yeye jikoni anakoroga uji wa maziwa, mtoto anaimba chumbani, na akagundua kwamba kuimba kumekoma, na kwamba ile harufu ya sufu iliyolowa imejaa nyumba nzima hadi ndani ya uji, na kwamba mburuzo ule, krrr, krrr, hautoki tena ukumbini bali unatokea mbali zaidi, unapita chumbani kwa mtoto, unaelekea kibarazani, akaangusha mwiko akakimbia, akaukuta mlango wa kibaraza wazi, jua linawaka, majirani wa ng'ambo wanaanika nguo, na katikati ya jua hilo Unnur ameketi juu ya sanduku, miguu mitupu, midomo ya bluu, theluji imemjaa mapajani, theluji ya kweli mwezi wa Juni, na kando yake ubao wa kifuniko umebonyea kama mtu mzito ameketi pale, naye haonekani.

Nilimsikia akipiga ukelele. Nilipanda ngazi zile mbilimbili, mimi na magoti yangu haya.

Tulimkanda mtoto kwa mablanketi na maji ya moto. Alipopata sauti alisema tu, "Mama, anasema kesho hatutarudi."

"Usimwite daktari," nikamwambia Hallbera. "Mwite Dagfinna."

Dagfinna ni mzee wa kwao, yuko mjini kwetu miaka arobaini, anasoma masalio ya kahawa na anajua ukoo wa kila mtu wa Iceland mpaka mbuzi wao. Alikuja na mkoba wake, akanusa mlangoni, akasita.

"Shamba lenu linaitwaje?"

"Kaldhamar."

"Lo! Na mna ujasiri wa kuishi kwenye ghorofa, karibu na watu?" Akaketi. "Mtumishi wa Kaldhamar. Wilaya nzima inamjua, mwanangu, ila wewe."

"Simjui nani?"

"Anayewafuata. Babu wa babu yako alimfukuza mjakazi siku ya kuhama. Zamani watumishi walihama siku moja ya mwaka, mwanzo wa kiangazi, kila mmoja na sanduku lake, kwenda kwa bwana mwingine. Huyu babu yenu alimdanganya kwamba kamtafutia nyumba ng'ambo ya mlima. Hakuwa amemtafutia chochote. Mjakazi akavuka mlima, akafika, wakamwambia hatukujui. Akarudi, babu yenu akafunga mlango. Theluji ya kuchelewa ikamkuta juu ya sanduku lake. Tangu hapo yuko nyumbani kwenu. Ndani ya ukoo siri yake huambiwa kifungua mimba peke yake, naye humwekea sahani na kitanda. Na kila mara humtaka binti mdogo kuliko wote wa nyumba, akalale naye nje."

Hallbera akaleta nakala ya orodha. Dagfinna akavaa miwani, kidole kikateremka mpaka mstari wa mwisho, kikatulia.

"Nani kaandika hapa?"

"Dada."

"Na wewe ulisoma?"

"Nilisoma," Hallbera alisema. "Nilisoma nikacheka."

Akachukua simu palepale, mbele yetu, akaiweka sauti ya wazi.

"Dada. Mwenyewe ni nani?"

Steinvör hakujifanya haelewi, hilo nampa. Sauti yake ikatoka ndogo na kavu. "Eydís alikuwa anakufa, Hallbera. Nywele zake zilikuwa zinalowa."

"Na Unnur?"

"Wewe bado unaweza kuzaa. Mimi nina mjukuu huyu mmoja."

"Ulinisuka nywele wewe. Ulinilea wewe!"

"Nilikulea miaka kumi na minane," Steinvör akasema, "sikukuomba hata asante. Nimeomba hiki kimoja." Akakata.

Nimeona watu wengi wakilia maishani. Hallbera hakulia. Alikunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Atatoka vipi?" akamwuliza Dagfinna.

"Si kwa dua, si kwa chumvi. Kaingia kwa karatasi, atatoka kwa karatasi. Mtumishi haondoki mpaka apate nyumba ya kwenda, na safari hii iwe nyumba kweli. Andika aendako. Atakayetia sahihi kumpokea ndiye bwana wake mpya. Asipopatikana wa kutia sahihi, atarudi kwako, naye akirudi mara hii hatabisha hodi."

"Shambani sasa yuko Steinvör peke yake," Hallbera alisema polepole. "Eydís yuko mjini."

"Hilo mimi sijaliuliza," Dagfinna akasema.

Hallbera akaenda ofisi ya meli, akaandika kwa mwandiko wake wa kuku, akiminya kalamu hadi karatasi ikatoboka: sanduku la mbao, moja, pamoja na mwenyewe. Mpokeaji: Steinvör wa Kaldhamar. Fomu ilitaka namba mbili za simu za upande wa kupokea. Akaandika ya dada yake. Ya pili akaifikiria. Namba za kule alizozijua kwa moyo hazikuzidi mbili, na karani wa meli alikuwa anangoja. Akaandika ya pili.

Wanaume wanne walilishusha. Jioni ile Unnur alikula sahani mbili za uji, akaamka nywele kavu, na siku ya pili kavu, na siku ya tatu tukaanza kusahau kumshika kichwa kila saa.

Siku ya kumi na mbili nilikuwa jikoni kwa Hallbera nakula maandazi yake ya kusokota, Unnur anakimbia chumba hadi chumba. Simu ikalia, akaiweka sauti ya wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga.

"Bibi mdogo!" Sauti changa, imejaa kicheko. Eydís. "Ulituletea sanduku, hukusema! Watu wa bandari wamempigia bibi wee, hapokei, ile hati wanayomtumia anaichana. Mwishoni wakanipigia mimi. Nikasema, nitamshtukiza! Nimelichukua mwenyewe."

Hallbera akauacha unga. "Eydís. Umetia sahihi?"

"Si lazima? Ila zito, bibi mdogo! Wamenibebea watu wanne hadi chumbani kwangu. Kesho nampelekea." Akacheka, halafu kicheko kikapungua kidogo. "Ila kuna kitu sikielewi. Kwenye karatasi umeandika 'pamoja na mwenyewe'. Mwenyewe ni nani?"

Nyuma ya sauti yake nilisikia mburuzo, krrr. Ukanyamaza. Halafu krrr.

Hallbera alifungua mdomo. Unnur akapita mbio baina yetu, na mama yake akanyoosha mkono akamdaka, akapitisha vidole vyenye unga katika nywele zake, toka utosini hadi ncha, polepole.

Kavu.

"Bibi mdogo? Bado upo?"

Hallbera akanitazama mimi. Kisha akanyoosha kidole kimoja cheupe kwa unga, akakata simu.