Ulinikataa Bila Kukosea

"Ulirudia mara ngapi kusema unanipenda?"

Filimone akaacha kutafuna. Walikuwa wametoka kuitazama filamu waliyoigiza pamoja, wamekaa nje ya sinema mjini Suva, na mihogo ya kukaanga katikati yao.

"Sikuhesabu, Unaisi."

"Mimi nilikuwa mbele yako. Mpaka mshika taa akaanza kusinzia."

Walikuwa wachumba kweli, harusi Jumamosi. Mwongozaji aliwapa nafasi za wapenzi akiamini penzi lao litajionyesha lenyewe. Wapi! Unaisi aliuvunja ukumbi mbavu, lakini kila Filimone alipomshika mkono, alionekana kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Filamu ikawa inapanda na kushuka. Mahali pamoja tu ilitulia: gatini, Filimone alipomtazama mwenzake akasema, "Sikutaki tena. Usinisubiri." Ukumbi mzima ukanyamaza.

Unaisi akamsogezea simu. Shangazi yake alikuwa ameandika: *Hongera mwanangu. Ila huyo wako anajua kuacha kuliko kupenda!*

"Shangazi ana utani," Filimone akasema.

"Mimi sina. Yale ya gatini uliyasema mara moja, bila kukosea. Uliyatoa wapi?"

Filimone akainamisha kichwa.

"Nilikuwa nayo kabla ya filamu. Mwaka jana nilikuja kwenu nikwambie tuachane. Nikakuta mama yako amefariki asubuhi ileile."

"Kwa hiyo ulibaki kwa huruma."

"Mwanzo, ndiyo. Wajomba zangu wakaleta kwenu jino la nyangumi, wakakuposa. Mimi nikanyamaza tu."

"Na sasa?"

"Sasa siku nisipokuona siku hiyo haiendi. Lakini kila nilipotaka kukwambia nakupenda mbele ya kamera, nilijiona mwongo, maana hili sijakwambia."

Unaisi akasimama.

"Jumamosi hakuna harusi."

Usiku Filimone alimpigia simu, haikupokelewa. Akaandika: *Nisikilize mara moja tu.*

Jibu likaja: *Kamweleze Baba.*

Jumapili baada ya ibada, Filimone akafika Nausori, nyumbani kwa kina Unaisi, peke yake, amebeba jino la nyangumi kwa mikono miwili. Unaisi alikuwa jikoni akikamua nazi. Mlango ulikuwa wazi.

"Msemaji wako yuko wapi?" Mzee Savenaca, baba yake Unaisi, akauliza.

"Sina, mzee. Nimekuja kusema mwenyewe."

"Na hilo jino? Mbona mlishaleta?"

"Lile walileta wajomba. Mimi nilikaa nyuma yao kama mzigo. Hili nimelileta mimi."

"Unamposa nani?"

"Unaisi."

"Yuleyule uliyemwacha gatini?"

"Ile ilikuwa filamu, mzee."

"Sisi tuliiamini."

Filimone akamweleza yote, hata ya siku ya msiba. Jikoni, Unaisi akashtuka kuona ameshika machicha makavu muda wote, wala hakamui.

"Nampenda, mzee," Filimone akamalizia. Sauti ilimkwama, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Mwongozaji yeyote angemwambia arudie.

Mzee akageukia jikoni.

"Unaisi! Nilipokee hili au nilirudishe?"

Unaisi akatoka, mikono ingali na machicha. Akamtazama Filimone, kisha akamtazama baba yake.

"Lipokee, Baba. Ila safari hii, tarehe ya harusi napanga mimi."