Jina Lililofichwa Nyuma ya Picha

Ndugu zangu, kuna wizi usiovunja mlango. Sikilizeni yaliyoipata nyumba ya Hanse, hapa kwetu Zierikzee, mji wa pwani ya Uholanzi.

Jumapili moja baada ya ibada, Neeltje Hanse na mdogo wake Marinus walikuwa sebuleni kwa Neeltje wakinywa kahawa kwa utulivu. Ukutani ilining'inia picha ya wino, ukurasa uliochomolewa kwenye daftari la mchoraji mkubwa wa zamani: bibi kizee amesinzia kitini. Wote wawili waliirithi kwa baba yao, marehemu Adriaan.

"Nimepata mnunuzi mjini Middelburg," Marinus alisema. "Ila anauliza imepita mikononi mwa nani. Nyuma kila mwenyewe kaandika jina lake, mchungaji, daktari, sijui mjane gani. La mwisho limebandikwa karatasi. Nimemwambia kwamba baba aliinunua mnadani. Wewe tia sahihi tu, dada, useme unakumbuka."

Neeltje akaweka kikombe chini. Alikumbuka, ila si mnada. Mwaka 1953, bahari ilipobomoa matuta ya kuzuia maji ikafurika mjini, alikuwa na miaka tisa. Jirani yao Job Boogert aliwafikia maji yakiwa kifuani, kichwani kifurushi cha turubai chenye picha hii ndani. "Adriaan, nishikie hii," alisema, akageuka kuwafuata wanawe. Maji yalipokauka alirudi kuidai. Adriaan akamjibu, "Hukuniachia kitu." Neeltje alikuwa nyuma ya mlango. Jioni ile alimwona baba yake akipaka gundi nyuma ya picha.

"Si yetu, Marinus. Ni amana ya Boogert."

"Boogert alishakufa. Na wewe miaka hamsini umenyamaza, leo ndiyo umekuwa mtakatifu?"

"Nimenyamaza, ndiyo. Sasa unataka niongeze na uongo."

Marinus alichukua koti lake. "Basi usinihesabu tena kuwa ndugu yako."

Msiwe wepesi wa kumlaumu Neeltje, wasomaji. Ni wangapi kati yetu tunaofunika makosa ya wazazi tukaita heshima?

Alhamisi iliyofuata Neeltje alipanda basi hadi mji wa Goes, picha mapajani, akamtafuta Leuntje, binti wa Job, mwalimu mstaafu. Alimweleza yote pale pale mlangoni, akiogopa kwamba akikaribishwa ndani atashindwa kusema.

Leuntje alisikiliza bila kupepesa macho. "Mama aliamini baba aliiuza akainywea pombe," alisema. "Waliachana kwa ajili hiyo. Baba aliapa mpaka anakufa kwamba hakuiuza, na mimi nilikuwa upande wa mama. Sikwenda hata kumuuguza."

"Ningeweza kusema," Neeltje alijibu. "Sikusema. Nisamehe, Leuntje."

Leuntje aliipokea picha, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya ile karatasi ya kahawia. Akalia kwa muda mrefu. Kisha akampisha mlangoni. "Pita ndani. Miguu yako itakuwa imechoka."

Waliipeleka picha makumbusho, na fundi wa huko aliilowesha karatasi ile taratibu hadi ikabanduka. Chini yake wino ulikuwa mzima: Job Boogert, 1949. Leuntje aliwaazima makumbusho picha hiyo ili watu waione, na kibandiko cha maelezo kando yake kitaje wenyewe wote.

"Baba yako tumwandike vipi?" alimuuliza Neeltje.

"Andika kweli. Aliiokoa na maji, akaizuia isirudi kwa mwenyewe."

Siku ya kufungua maonyesho, Marinus alikuja, amechelewa, kofia mkononi. Miezi minane hakuwa amempigia dada yake simu. Alisoma kibandiko mara mbili, kisha akamwendea Leuntje. "Mimi nilizaliwa baada ya gharika," alisema. "Lakini nilitaka kuiuza. Samahani."

"Umekula?" Leuntje alimuuliza. "Mimi na dada yako tunakwenda kula kome wa baharini. Twende."

FUNZO

Anayekula amana hamwibii mtu kitu tu, humwibia pia jina lake jema, na watoto wa pande zote mbili hulipia. Ukirithi mali, uliza ilikotoka. Ukigundua ina mwenyewe, irudishe hata kama umechelewa. Wazazi wetu tuwaheshimu kwa kuyatengeneza waliyoharibu, si kwa kuyabandika karatasi.