Marashi ya Kabatini

Samaki aliungua jikoni, nyumba nzima ikakohoa, Aaliya peke yake ndiye hakusikia harufu. Zilibaki siku tatu aolewe. Barka, shangazi yake na mpambaji wa maharusi hapo mtaani Wiyoni, aliposikia hayo kitana kilimwanguka mkononi.

Alijua sababu. Asubuhi ile alikuwa amemdunga fila, dawa ya kujaza pua ichongoke, kazi aliyojifunza kwenye simu. Kwenye simu, jamani! Dawa ya kusafishia ngozi ilikuwa imekwisha, akafungua kabati la mamake, Bi Ruba, akatoa chupa ya marashi iliyotengwa. Hakuna asiyejua nyumbani mule kuwa yale ni ya jini wa ukoo, hurashiwa kila Alhamisi pamoja na udi, na binadamu hayagusi. Tone moja tu, Barka alijiambia. Akapangusa, akadunga. Ngozi ikawa nyeupe pe, kama isiyofikiwa na damu! Akaiona, akanyamaza.

Siku ya pili pua ilikuwa na madoa ya zambarau. "Shangazi," Aaliya alinong'ona, "kuna mtu anapumua humu ndani. Nipeleke hospitali."

"Ni uvimbe tu. Mamako asisikie. Kesho tutakwenda."

Kesho! Mwanamke huyu, Mungu amsamehe, alilihofia jina lake kuliko roho ya mtoto wa kakake.

Siku ya tatu ncha ya pua ilikuwa nyeusi. Harufu ya marashi ikamtoka Aaliya, ikajaa ukumbi, ikaingia kwenye nguo za harusi, na wanawake waliokuja kuchagua mchele wakasikia pumzi ya mwanamume mzima ikivutwa polepole. Mwalimu Bakr wa madrasa akaitwa, akamsomea Kurani. Sauti nzito ikamjibu kutoka puani, midomo ya binti imefumbwa.

"Nimefunguliwa mlango. Alofungua na aseme, nitoke."

Barka alifungua kinywa. Akaona wateja wake wote wamekaa pale, akakifunga.

Bi Ruba akajitokeza akilia. "Ni mimi. Chupa ni yangu, labda niliiwata wazi. Nitwae mimi, muwate mjukuu wangu."

Mama mzee alijitwika kosa lisilo lake, na bintiye akamtazama tu.

Aaliya akainuka, macho yamefumbwa, na pua ile iliyokuwa haisikii hata samaki akiungua ikaanza kunusa, akampita bibi yake, akampita Mwalimu, akawanusa wanawake mmoja mmoja, na kila aliyepitwa alimshukuru Mola kimoyomoyo, mpaka akafika mbele ya Barka, akasimama.

"Marashi yangu yako vidoleni mwako," sauti ikasema. "Sema."

Aaliya akavuta pumzi ndefu, akangoja. Barka akaficha mikono ndani ya buibui.

Pumzi ile haikutoka tena. Walimzika Ijumaa, hina aliyopakwa na shangazi yake ingali imekoza miguuni.