Tabasamu la Aniceti

Wazazi wenzangu wa Bonga, Bagara na Nangara, naomba mnisikilize. Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye darasa la jioni, na sina cheo cha kumfundisha mtu. Lakini jambo hili nimeliona kwa macho yangu. Nikilinyamazia nitakuwa nimekosa mara mbili, na kosa la kwanza nitalieleza humu humu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka 1984. Tulikusanyika ukumbini kuwapongeza vijana wetu wa mpira, wa mtaani na wa sekondari, waliotuletea kombe. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Sukari hakuna, sabuni hakuna, nguo tulizokwenda nazo tulizifua kwa majani ya mpapai. Hata hivyo kila nyumba ilitoa ilichonacho, mahindi, maharage, na mbuzi wawili wakapatikana. Kwa kuwa hapakuwa na keki, Mwalimu Herieli, kocha wao, ambaye kwao ni Kilimanjaro, alisema tumchome mbuzi mmoja mzima, na mchezaji bora alishwe kipande cha kwanza mbele ya watu. Natalia wangu alikuwa amelala mgongoni. Nilimwangalia kila kijana nikawaza, na huyu wangu siku moja atapigiwa makofi hivi.

Mchezaji bora alikuwa Aniceti, kidato cha tatu, mtoto wa jirani yangu Mzee Pantaleo. Zawadi yake ilikuwa mezani, jozi ya njumu, viatu vya mpira vyenye meno, vipya kabisa, vilivyopatikana Arusha kwa kibali. Timu nzima ilikuwa inacheza pekupeku. Baba yake alivishika, akavigeuza, akavirudisha, kisha akavishika tena.

Aniceti alikaa katikati ya wazazi wake akitabasamu. Alipoingia hakuniamkia, nami nilishangaa, maana ni mtoto mwenye adabu. Wenzake walimtania kwamba sasa amekuwa mkubwa, salamu zake zitatolewa kwa kibali kama sukari. Tukacheka wote. Yeye akaendelea kutabasamu vile vile, na mpiga picha akamsifu kwamba huyu ndiye anayejua kupigwa picha.

Mwalimu akamwita. Mzee Pantaleo ndiye aliyepewa heshima ya kumlisha. Akakata kipande cha nyama, akakipeleka kinywani kwa mwanawe. Kinywa hakikufunguka. Nyuma mtu akasema nyota anasubiri uma na kisu. Baba akajaribu tena.

"Fungua kinywa, mwanangu. Usiniaibishe mbele za watu."

Aniceti akajibu kupitia kwenye meno, taratibu, na uso ule ule wa kucheka.

"Baba, hakifunguki."

Wengi hawakusikia. Waliokuwa nyuma walidhani amekwisha kula, wakapiga makofi na vigelegele. Kwa kelele ile mgongo wake ukajipinda kwenda nyuma kama upinde, akaanguka sakafuni, visigino na kichwa tu vikigusa chini. Na bado alikuwa anatabasamu.

Katika darasa la jioni tulisoma kijitabu cha afya, na nilipokuwa na mimba ya Natalia nesi alinieleza kwa nini ananidunga sindano. Taya hufunga, uso hukakamaa kama wa mtu anayecheka, kelele humshtua mgonjwa. Nilijua ninachokitazama. Nilisogea nikasema wanyamaze, ni pepopunda. Kisha nikamuuliza Mzee Pantaleo kama mtoto alikuwa na kidonda.

"Msumari tu," alisema. "Siku tisa zimepita. Mama yake aliweka samadi ya ng'ombe na majivu, kikafunga vizuri."

Polepole tukapata habari yote. Msumari ule aliukanyaga Alhamisi, fainali ikiwa Jumapili. Baba alimkataza kuchechemea mbele ya mwalimu, asije akawekwa benchi na viatu vikaenda kwa mwingine. Na hapa ndipo kosa langu. Ijumaa ile nilimwona Aniceti akipita uani kwangu, akikanyagia kisigino. Nilimpungia mkono nikamtakia ushindi.

Nesi Otilia wa zahanati alikuwa anagawa ugali. Aliweka sinia chini, akaja.

"Baba Aniceti, kwa nini hamkumleta?"

"Kuleta wapi, mama? Zahanati kuna nini? Hakuna hata aspirini."

"Nani alikwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Nesi akasema kwa sauti ndogo kwamba boksi la dawa lilishuka Jumatatu ya wiki ile ile, siku tatu kabla ya msumari, na sindano za pepopunda zilikuwamo. Bado zipo.

Tulimpeleka hospitali kwa lori la mahindi, tumelizungushia mablanketi kupunguza kelele. Kila shimo la barabara lilimpinda. Jumanne asubuhi alifariki.

Viatu havikuvaliwa. Baada ya arobaini Mzee Pantaleo alivipeleka zahanati, akamwomba nesi avitundike mlangoni. Siku za kliniki hukaa benchi la nje. Anayepita akisema "twende zetu, hapa hakuna kitu," yeye humwonyesha viatu.

"Ingia ukaulize," humwambia. "Mimi sikuuliza."

Mwezi uliopita mama mmoja wa Bagara alikuja amembeba mtoto aliyekatwa na jembe. Alikuwa anageuka kuondoka, akaviona, akauliza habari yake. Aliingia. Sindano ilikuwapo. Mtoto yule nilimwona juzi akifukuza kuku.

FUNDISHO

Uhaba umetuzoeza neno "hakuna" mpaka tunajijibu wenyewe kabla ya kuuliza. Tuulize kwanza. Kidonda cha msumari au cha jembe kioshwe, kisipakwe samadi, na mtoto apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, hata kama fainali ni kesho. Tena mtoto wa jirani akichechemea, msimpungie mkono kama mimi. Msimamisheni, mtazame mguu.