Aliyemwitikia Enoka

Haya mambo niliyaona mwenyewe, kwa macho haya mawili, toka mwanzo mpaka mwisho. Sikuhadithiwa. Wapo watu hapa Musoma mjini wanaosimulia habari za mwalimu Hana na kitabu chake cha mahudhurio, na wengine mwaka ule walikuwa hawajaota meno. Mimi nilikuwepo. Nilikaa benchi la mwisho, upande wa wanaume, mgongo wangu ukiwa umeegemea ukuta. Hapo pa ukuta pakumbuke. Nyuma yangu hapakuwa na nafasi ya kupita hata kuku.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu. Kijiji chetu kiko kwenye rasi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Murangi, ziwa pande tatu. Mwaka ule sabuni ilikuwa haionekani. Tulifua kwa majani ya mpapai, na shati likichanika lilibaki limechanika. Mafuta ya taa yakija, yalikuja nusu pipa kwa kijiji kizima, na watu walikuwa wamepanga foleni tangu juzi yake.

Mwalimu Hana Wanzagi alitokea Butiama. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akaja kujitolea. Mshahara hakuwa nao. Sisi tulimlipa sato, mihogo na maneno mengi. Alilala kwenye chumba cha pembeni cha ghala la pamba, na nywele zake zilikuwaga na nyuzi nyeupe za pamba mpaka Jumapili kanisani. Asubuhi alifundisha madarasa mawili kwa pamoja, la kwanza likitazama mashariki, la pili magharibi, yeye katikati anageuka kama mtu anayechoma samaki pande zote mbili. Chaki ikiisha aliandikia muhogo mkavu. Mchana aliwasomea watu barua zao, na kama barua ilikuwa ya msiba, alilia yeye kabla ya mwenye barua.

Saa kumi na moja jioni kilianza kisomo cha watu wazima. Mimi nilifika darasa la nne kabla shule haijanishinda, kwa hiyo pale nilikuwa kama profesa. Nilimsahihisha mwalimu mara mbili. Mara moja nilikuwa na haki.

Mahudhurio aliyaita mwisho, giza likiwa limeshaingia. Ukiyaita mwanzo, watu wanaitika halafu wanatoroka. Aliwasha kibatari kimoja, mafuta ya kuhesabu matone, kikamulika ukurasa tu. Mabenchi yote giza. Anaita jina, mtu anajibu "Nipo", anaweka alama. Na alama ile haikuwa ya mchezo. Bidhaa zikifika duka la kijiji, mwenyekiti aligawa kwa kufuata kitabu cha Hana. Usipohudhuria, sabuni unaisikia harufu kwa jirani.

Sasa, rafiki yangu Enoka alikuwa mvuvi, na saa ile ya jioni ndiyo saa ya kutega nyavu. Mkewe, Justina, alikuwa na mimba ya miezi sita. Walitaka sabuni ya kumwogeshea mtoto.

"Alfonce, utakuwa unaniitikia," akaniambia.

"Kwani mimi kasuku?"

"Sauti yangu unaiwezaga kuliko mimi mwenyewe."

Hilo ni kweli tupu. Niliiweza sauti ya mwenyekiti, ya padri, na ya mbuzi wa padri. Basi kwa miezi miwili niliitika mara mbili kila jioni, mara moja kwa koo langu, mara moja kwa koo la Enoka, lile zito lenye mikwaruzo, na gizani hata jirani hakujua. Justina hakujua. Wanawake walikaa mbele na walitoka kwanza. Yeye alijua mumewe huchelewa kidogo, hujipenyeza akakaa nyuma na sisi, na kwamba ziwani huenda baada ya darasa.

Kuna jambo moja la kwetu lazima ulijue. Mtu akichelewa majini, watu wa nyumbani kwake husimama juu ya jiwe kubwa la ufukweni na kumwita kwa jina. Humwita mpaka aitike. Sauti ile ndiyo inamwonyesha nchi kavu iko wapi. Na mtu mwingine haruhusiwi kumwitikia, hata kwa utani, hata mtoto. Wazee wanasema jibu la mtu ni moja. Akilitoa mwingine, mwenyewe anabaki hana la kutoa.

Sisi tuliijua sheria hiyo kuwa ni ya jiweni. Hakuna aliyetuambia kuwa inafika mpaka darasani.

Siku yenyewe upepo uligeuka ghafla. Ulikuwa unatoka nchi kavu, mara ukatoka ziwani, na bati la darasa likaanza kugonga. Kwa... kwa... kwa. Justina alinyoosha mkono gizani, nikaona kivuli chake.

"Mwalimu, upepo huu si mzuri. Anza na wavuvi, tujue kama wapo wote. Kama kuna asiyekuwepo, twende jiweni."

Hana akakisogeza kibatari. Akaanza na wavuvi. Akafika kwa Enoka.

"Enoka."

Mimi nilikuwa nafikiria sabuni. Wallahi nilikuwa nafikiria sabuni tu.

"Nipo," nikajibu, kwa koo lake.

Hana alisimama kidogo na kalamu yake. Akaita tena, taratibu.

"Enoka, upo?"

"Nipo, mwalimu. Nitakwenda wapi?"

Benchi la wanawake likacheka. Nilimsikia Justina akishusha pumzi, ile pumzi ya mwanamke mjamzito anapopata pa kukaa. "Basi ngoja nikasonge ugali," akasema.

Hakuna aliyekwenda jiweni.

Asubuhi mtumbwi ulikutwa kwenye matete, tumbo juu.

Walitafuta siku nne, mwili haukuonekana. Siku ya tano wakakata mgomba wenye urefu wake, wakauviringisha kwenye blanketi lake, wakauzika badala yake. Nilibeba upande wa miguu. Mgomba mbichi ni mzito, na unatoa maji. Yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko.

Baada ya mazishi, Mzee Mayala, baba yake mdogo Enoka, aliuliza jambo moja tu.

"Kwa nini hamkumwita?"

"Alikuwepo darasani, baba," Justina akasema. "Niliisikia sauti yake. Aliitika mara mbili."

"Nani mwingine alimsikia?"

Wote walimsikia. Mwalimu alimsikia. Alama ipo kitabuni. Saa ile, mtumbwi wake ulikuwa umeonwa na watu wa dagaa mbali kabisa na nchi kavu. Mzee Mayala akauliza, "Hicho kitabu ni cha nini?"

Kuanzia hapo maneno yakaanza kutembea. Kwamba huyu binti anakusanya majina ya watu gizani. Kwamba hana mume, halipwi mshahara, sasa anakula nini? Kwamba ana kitu anakifuga ghalani, na siku ile ndicho kilichoitika, ili Enoka asiitwe. Vijana wakasema pamba inashika moto haraka. Walisema hivyo mbele yangu, na mimi nikawasha sigara.

Ningeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu. Lakini kila nikimtazama Justina na tumbo lile, neno lilirudi chini.

Baada ya wiki mbili Hana akafungua tena kisomo. Tulikuja watu tisa. Justina alikuja, akakaa mahali pake pale pale. Jina la Enoka lilikuwa limepigwa mstari, niliuona kwa mwanga wa kibatari. Akaita majina, sauti yake imekauka.

"Alfonce."

Nikafungua mdomo.

"Nipo."

Si mimi niliyesema.

Ilitoka nyuma ya sikio langu la kushoto. Kwenye ukuta.

Sauti ilikuwa yangu, yangu kabisa, hata kale kamzaha kangu kalikuwemo. Ikaja na harufu... nyavu mbichi, matope ya matete, na blanketi lililolowa. Hana akaweka alama, hakuinua hata uso. Jirani yangu hakugeuka. Mgongoni shati langu lilikuwa limelowa, na hapakuwa na mvua mwezi mzima.

Kesho yake niliazimia kuwahi. Alipofika kwenye herufi yangu nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"Al..."

"Nipo."

Koo langu likajaa maji. Maji ya ziwa, yenye ule utamu wa majani. Niliyameza. Na niliposimama kutoka, nilimsalimia Justina mlangoni.

"Shemeji, habari za jioni."

Alipita. Nilimsalimia tena. Aliangalia pale nilipo kama mtu anayeangalia mlango uliofungwa, halafu akamgeukia mwenzake akasema, "Alfonce yuko wapi? Si nimemsikia ameitika?"

Hapo nikaelewa. Enoka alikuwa ananirudishia. Nilimwitikia, naye ananiitikia. Yeye anakaa benchini kwa jina langu, mimi taratibu natolewa nje, nasogezwa majini.

Jioni ya siku iliyofuata nikabeba ndoo ya maji, nikajifanya nampelekea mwalimu. Jua lilikuwa linazama. Alikuwa kizingitini mwa ghala anachambua dagaa, na ukutani kwake mtu alikuwa ameandika kwa mkaa neno MCHAWI. Aliyeandika alifundishwa na yeye mwenyewe, maana mkia wa herufi ya W aliupinda vile vile Hana anavyoupinda.

"Weka hapo," akasema. "Asante, kaka Alfonce."

"Mwalimu, siku ile..."

"Najua."

Nikakaa chini.

"Nilijua tangu mwezi wa kwanza kwamba unamwitikia," akanong'ona. "Niliacha. Nilisema wapate hiyo sabuni, mtoto azaliwe aikute. Mimi ndiye niliyekuwa naweka alama."

"Sasa siku ile mbona uliamini?"

Aliendelea kuchambua. Dagaa wazuri huku, wabovu kule.

"Ndiyo maana nikaita mara mbili. Nilidhani hata wewe usingefanya mchezo na upepo ule."

Sijawahi kupigwa kofi likaniuma hivyo.

Nikamweleza habari za ukutani. Alisikiliza, hakushangaa. Akasema na yeye amekuwa akiona jambo: asubuhi akifungua kitabu, karatasi yenye jina langu huwa imelowa, na mstari aliompigia Enoka umeyeyuka. Halafu akasema, "Kesho Mzee Mayala anawaita watu jiweni. Wataniuliza. Njoo useme wewe. Sema tu kwamba hayupo, na kwamba alikuwa hayupo tangu mwanzo. Aliyetoa jibu alirudishe."

"Nitakuja."

"Kweli?"

"Mwalimu, mimi ni mwanaume."

Nilikwenda. Jua lilikuwa limegusa maji. Kijiji kizima kilikuwa pale, vijana na mienge ya nyasi ambayo bado hawajaiwasha. Hana alisimama peke yake na kitabu chake kifuani. Nikapita katikati ya watu, nikapanda jiwe, nikatazama ziwa. Nikaita, "Enoka!" Nikasubiri. Kisha nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, mbele ya Justina:

"Hayupo. Alikuwa hayupo siku ile. Ni mimi niliyeitika."

Upepo ukakatika. Matete yakasimama wima. Mbali kule majini kikasikika kitu kama mtu anayekohoa, mara moja, kisha kikatulia. Justina akakaa chini mchangani, akalia kilio ambacho alikuwa hajakilia siku ya mgomba.

Hivyo ndivyo ninavyoisimulia kila mara, na watu wa mwaloni hapa, panaposhushwa samaki, hunipa chai.

Ila leo naandika, na kalamu haina utani kama mdomo. Yote niliyosema ni kweli. Upepo ulikatika, kikohozi nilikisikia, na Justina alilia hivyo hivyo. Kitu kimoja nimekitunga mwenyewe, miaka kumi na mbili sasa. Si mimi niliyepanda jiwe.

Nilikuwa nyuma ya watu. Hana alinitafuta kwa macho, akanipata. Alisubiri. Niliangalia viatu vyangu, na sikuwa na viatu. Ndipo akapanda yeye. Akaita, akasubiri, akasema, "Hayupo. Mimi ndiye niliyemwandika yupo, nikijua hayupo." Jina langu hakulitaja.

Hawakumchoma. Mzee Mayala aliwazuia vijana, akasema aondoke kabla jua halijaisha. Alikwenda kwa miguu njia ya Murangi, kitabu kwapani, na kina mama aliowafundisha kusoma wakaingia ndani wakafunga milango. Justina alijifungua wiki ile, mtoto wa kike. Sabuni ilikuwa haijaja.

Siku hizi sabuni zimejaa, za kila rangi, zinanukia dukani mpaka unapiga chafya. Mimi nabeba sangara mwaloni Musoma, sina shida na mtu. Sauti ya Enoka haijasikika tena kwa jina lake. Hilo Hana alilimaliza.

Lakini la jina langu hakulimaliza, maana halikuwa lake kulimaliza.

Juzi nilikwenda zahanati, kifua kinanibana, nikikohoa natoa maji. Tulikuwa wengi kwenye benchi. Nikaegemea ukuta. Nesi akatoka na karatasi, akaita jina langu. Nikasimama.

Akaita anayefuata.

Nikamfuata mpaka mlangoni. "Dada, mimi ndiye Alfonce. Umeniita sasa hivi."

Aliangalia karatasi yake, kisha akachungulia ndani kwa daktari.

"Alfonce ameshaingia," akasema.

Sakafu yote, kutoka kwenye benchi nililokalia mpaka mlango wa daktari, ilikuwa na nyayo za maji.