Meno ya Mama Yanabana

Asubuhi ukungu wa mtoni hupanda mpaka darajani, na watu waliopanga foleni huonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kana kwamba wanaelea. Kila mmoja ana lake upande wa pili. Huyu anafuata sukari kwa sababu kule ni rahisi. Yule anakwenda kujifungua, maana amesikia wakunga wa kule wana maneno matamu. Mwingine anadai anamtembelea shangazi, na shangazi mwenyewe ni msichana mbichi kapaka rangi ya mdomo. Ofisa wa uhamiaji huuliza swali lake moja tu, "Unakwenda kufanya nini?" na husikiliza majibu bila kuinua macho.

Siku hiyo foleni ilikuwa na fundi sofa mmoja, kijana mrefu, shati lake la bluu limepigwa pasi na mama yake. Mama mwenyewe alikuwa naye, kaziba mdomo kwa leso. Meno yake yote yalikuwa yameshang'oka, na kwao daktari alijua kung'oa tu. Anayetaka kutengenezewa mengine huvuka daraja.

Mbele yao alisimama dada mwenye gauni la manjano, kikapu kitupu mkononi. Watu wakasukumana nyuma, fundi sofa akamkanyaga kisigino.

"Samahani, dada! Sikukuona, ukungu huu..."

"Hata gauni la rangi hii hukuliona?"

Kijana akatabasamu kwa aibu. Yule dada akamtazama mdomoni bila haya yoyote, kama mtu anayesoma bei dukani.

"Wewe ni fundi viatu," akasema. "Au fundi sofa."

"Sofa. Umejuaje?"

"Jino lako la mbele lina pengo la msumari. Mikono ikiwa na kazi, unaibana misumari kwa meno. Acha, kaka yangu, siku moja litakatika."

Mama alicheka mpaka leso ikamwanguka, akasahau kuiokota. "Nimemwambia tangu utotoni! Mwanangu, wewe ni nani?"

"Fundi meno, mama. Hayo yako nikiyatengeneza mimi, utatafuna hata mawe."

"Na kwetu ulifuata nini na kikapu kitupu?" akauliza fundi sofa.

"Kutembea. Kila Jumamosi alfajiri. Kule kwangu kila ninayekutana naye njiani ananipanulia mdomo, 'hebu nitazame hili gego.' Kwenu hakuna anayenijua. Natembea tu, nanusa mikate, narudi kazini."

"Kwetu kuna vumbi, dada."

"Basi nalipenda vumbi lenu."

Ndivyo walivyovuka pamoja. Fundi sofa hakukumbuka alimjibu nini ofisa.

Chumba cha fundi meno kilikuwa nyuma ya kliniki, dirisha likitazama mto. Mezani kulikuwa na taya za plasta za wagonjwa wengine, nta, tupa ndogo na taa ya spiriti iliyowaka mwali wa samawati. Alipima fizi za mama kwa mikono laini, akizungumza naye kama binti yake. Fundi sofa alikaa kwenye kiti kibovu cha pembeni, na badala ya kukikagua kiti kama ilivyo desturi yake, akakagua shingo ya fundi meno ilivyoinama kazini. Jamaa alikuwa amekwisha.

Meno yalipokuwa tayari, mama akayavaa, akajitazama kwenye kioo, akalia kidogo. Wiki moja baadaye akalalamika yanabana. Wakarudi. Fundi akasugua kwa tupa, akang'arisha, akasafisha. Baada ya siku chache yakabana tena.

Kati ya safari na safari kulikuwa na simu.

"Gego wangu," fundi sofa angesema, sauti yake imefunikwa na upepo, maana alikuwa akitoka mpaka katikati ya daraja ambako mtandao wa kule ulianza kushika.

"Mtu mzima unaniita gego!"

"Gego ndilo linalokaa ndani kabisa."

"Haya, Sponji. Umekula?"

"Nimekula. Litamke tena jina langu."

"Sponji. Laini, unabonyea, halafu unarudi ulivyokuwa." Alicheka, na kicheko hicho kijana alirudi nacho nyumbani juu ya mto uliokuwa ukigeuka rangi ya shaba, akikanyaga mbao za daraja kama anayekanyaga pamba.

Lakini jioni moja sauti ya fundi meno ilikuja ndogo.

"Daktari ameniita. Anasema meno ya mama yakirudi tena, kazi ya meno ya bandia anampa fundi mwingine. Mimi nibaki kuosha vyombo."

Fundi sofa akaibana simu sikioni.

"Sponji, sielewi. Nimepima, nimepima tena. Yanakaa vizuri kabisa. Sasa naitazama mikono yangu mwenyewe siiamini. Labda sijui kazi."

Hapa ndipo fundi sofa alipokosea, na hakuna wa kumtetea. Ukweli alikuwa nao. Tangu safari ya pili alimsikia mama jikoni akivunja karanga kwa meno hayo na kuimba. Alijua kwamba mama, aliyechoka kumwona mwanawe akila peke yake na kuongea na makochi, aliamua meno yabane mpaka mambo yaive. Alijua, na hakusema, kwa sababu kila meno yalipobana yeye alivuka. Ukweli ukamfika kwenye ulimi, ulimi ukamganda.

"Usijali, Gego," akasema. "Yatakaa tu."

Jumamosi iliyofuata fundi meno hakurudi kwao mapema. Alitembea mpaka maduka yakafunguliwa, akaulizia karakana ya sofa ili amshtue mpenzi wake. Alikuwa na gauni lile lile la manjano na hereni ndogo alizonunua kwa ajili ya siku hiyo. Karakana aliiona kabla ya kufika: makochi yamepinduliwa miguu juu, na juu ya mojawapo amekaa mama, muwa mkononi. Alikuwa akiumenya kwa meno. Aliuma, akavuta ganda refu, akatema, akauma tena, maji ya muwa yakimchuruzika kidevuni. Mwanawe alisimama kando, misumari mdomoni, akicheka.

Kicheko kilikatika alipomwona.

"Yanabana, mama?" akauliza fundi meno.

Mama akabaki na muwa hewani. "Mwanangu..."

"Na wewe ulijua?"

Fundi sofa akatema misumari kiganjani. Angeweza kudanganya, lakini uso wake ulishajibu. "Nilijua."

"Hata siku ile nilipokuambia siiamini mikono yangu?"

"Hata siku ile. Gego, nilitaka tu kukuona..."

"Ungekuja kuniona! Daraja ni hilo pale! Umeniacha nijione sijui kazi niliyoisomea kwa njaa, ili wewe upate sababu ya kuvuka? Mimi nilikuja kwenu kwa sababu huku hakuna anayenipanulia mdomo. Kumbe mlikuwa mkinicheka."

Aligeuka. Gauni la manjano likapungua, likapungua, ukungu ukalimeza.

Siku zilizofuata fundi sofa alipiga simu katikati ya daraja, na kila mara sauti ya mwanamke mwenye adabu ilimwambia namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Alikosea hata kupima kitambaa. Kochi la mteja likatoka na ua moja limegeuka kichwa chini.

Mama akashindwa kuvumilia. "Mdomo uliosema uongo ni wangu. Mdomo huo huo utakwenda kusema kweli mbele ya huyo daktari. Nichukulie muwa, mzito, ule wenye mafundo."

"Mama, nikuache usemee makosa yangu?"

"Yako utayasemea mwenyewe. Vaa shati la bluu."

Darajani ofisa aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Unakwenda kufanya nini?"

"Kuomba radhi," akasema fundi sofa.

Ofisa akamtazama vizuri, kisha akautazama muwa. "Mama, mmea hauvuki."

"Nikiukata vipande?"

"Hauvuki."

"Ukiwa tumboni?"

Ofisa akafikiri. "Tumboni si kazi yangu."

Basi mama akaweka mkoba chini, akasimama katikati ya foleni, akaanza. Ganda lilitoka kwa mlio wa kupasuka, fundo baada ya fundo, na watu waliokuwa wakielea ndani ya ukungu wakasogea.

"Bibi, hayo meno yako?"

"Ya kutengenezwa." Akayatoa, akayaonyesha, akayarudisha na kuendelea kutafuna.

"Loo! Nani kakutengenezea?"

"Mkwe wangu," akasema mama, "kama huyu mwanangu ataacha ujinga."

Mzee mmoja aliyekuwa akifuata sukari akabadili nia. Wanawake wawili wakaulizana. Mwenye shangazi naye akajipapasa gego lililokuwa likimsumbua.

Daktari hakuwa ameamini maelezo yake, na fundi meno alikuwa akipanga tupa na brashi zake ndani ya kopo la biskuti ili aondoke, aliposikia kishindo cha watu ukumbini. Alifungua mlango akaona benchi limejaa, wengine wamesimama, na mama yuko mbele ya daktari, kidevu bado kinang'aa maji ya muwa.

"Daktari, meno haya hayajawahi kunibana hata siku moja. Nilidanganya. Nilitaka mwanangu apate mke, nikamtia binti wa watu aibu. Hawa wote nyuma yangu wanamtaka yeye. Ukimpa kazi mtu mwingine, tutamfuata huyu atakakokwenda."

Daktari aliwatazama watu, akamtazama fundi wake, akakohoa. "Basi hao wagonjwa wa nani? Rudisha vifaa vyako mezani."

Fundi meno akainama akamkumbatia mama. Kisha akamtazama yule wa shati la bluu.

"Mama nimemsamehe. Wewe kaa kwenye benchi, usubiri zamu yako."

Akasubiri. Watu waliingia na kutoka, mwanga ukahama kutoka ukuta huu kwenda ule, mto dirishani ukageuka rangi. Yeye alikuwa wa mwisho.

"Anayefuata!"

Aliingia, akakaa kwenye kile kiti kibovu.

"Tatizo?"

"Nilikuona unaumia nikanyamaza," akasema. "Niliogopa ukweli ukitoka sitakuwa na sababu ya kukuona tena. Nilijifikiria mimi. Nakupenda, Gego, na nimekukosea, na sina mama wala meno ya kusingizia. Nikubali, nihamie huku, nifungue karakana hapo chini. Nivuke safari moja ya kubaki."

Fundi meno akanawa mikono, akasogea karibu.

"Fungua mdomo," akasema, akakishika kidevu chake. "Hili pengo nitaliziba. Lakini misumari mdomoni marufuku. Na jambo linalonihusu, hata likuunguze ulimi, liseme."

"Nitalisema."

"Na uanze na hiki kiti, kimechoka."

Alicheka huku analia, naye kijana akambusu mikono yote miwili, kidole kimoja baada ya kingine.

Mama alikataa kuhama. Alisema muwa wake hauvuki, naye hauachi. Lakini baadhi ya Jumamosi, alfajiri, simu hulia katika nyumba iliyo juu ya karakana mpya, na sauti ya kizee hupenya kwenye upepo:

"Mkwe wangu, meno yananibana."

"Pole, mama. Tunakuja sasa hivi."

Fundi meno huvaa gauni la manjano na kuitia tupa ndogo kikapuni. Mumewe humshika mkono mpaka darajani, ukungu umewafika kiunoni, na ofisa huwauliza wanakwenda kufanya nini.

"Meno ya mama," hujibu wote wawili.

Ofisa hugonga muhuri akitabasamu. Tupa ile haijawahi kutumika, na kila wakirudi kikapu hujaa mikate.