Kwa Nini Sabufa Ilikwaruza

Kila asubuhi kabla ya shule, Naomi aligeuza kakao iliyoanikwa uani, na kaka yake Gwamaka akaenda shambani kuwinga ndege wasile mpunga. Jioni walikaa na mama kusikiliza sabufa, spika yao kubwa ya sebuleni. Kwenye flashi iliyochomekwa humo mlikuwa na sauti ya baba akiimba besi. Aliirekodi sebuleni hapo hapo, miezi michache kabla ya kufariki.

Juma lile sauti ilianza kukwaruza. Baba alisikika kama mtu anayetafuna changarawe, na maneno yake ya mwanzo yalipotea kabisa. Jumapili ndiyo ilikuwa ibada ya kumbukumbu yake.

"Ni umeme," alisema Gwamaka. "Hapa Ipyana unapanda na kushuka. Halafu Naomi haachi kuichezea."

"Mimi? Hata vumbi silifuti bila ruhusa!"

"Naomi, usiiguse tena," mama alisema.

Naomi alikasirika hadi wali ukamshinda. "Basi tuipeleke kwa Mwalimu Jovina, mama. Yeye anatumia sola."

Mwalimu Jovina, jirani yao, aliichomeka kwenye sola yake. Ikakwaruza vilevile.

"Umeme ni mwingine, kelele ni zile zile," alisema Mwalimu Jovina. "Hebu tuangalie waya wa spika."

Nyuma palikuwa na kijiwaya chembamba, kimeungwaungwa na kulegea.

"Huu si wetu," mama alisema. "Wetu ni mwekundu na mweusi."

Jumamosi Naomi alitumwa shambani kumwita Gwamaka aje kula. Makopo ya kutishia ndege yalikuwa yakigongana juu ya mpunga. Yalining'inia kwenye waya mwekundu na mweusi.

"Wewe Gwamaka! Umemfunga baba kwenye makopo!"

"Kamba ilikatika, ndege wanamaliza mpunga! Nilidhani waya ni waya tu."

"Na kunisingizia je? Nako ulidhani?"

Akautikisa ule waya kwa hasira hadi ndege wa shamba la jirani nao wakaruka.

Nyumbani, Naomi alipoeleza, mama hakufoka, na hilo lilimtisha Gwamaka zaidi. Alimwamuru afungue makopo, akwangue kutu kwenye ncha za waya na kuzikaza mahali pake.

"Ulitaka kuokoa mpunga, naelewa," alisema mama. "Ungeniambia, ningekupa kamba. Waya mbovu uliharibu sauti, nao tumeubadilisha. Uongo wako ulinifanya nimkemee mtoto asiye na kosa. Huo haurekebishwi kwa koleo. Unarekebishwa kwa kusema kweli mbele ya uliyemwumiza. Haya, sema."

"Nilidanganya. Nisamehe, Naomi."

"Bado nina hasira," alisema Naomi. "Lakini washa."

Gwamaka akawasha. Kabla ya wimbo baba alikohoa, kisha akasema, sauti safi kana kwamba yumo chumbani: "Naomi, funga mlango, kuku wanaingia."

Naomi aligeuka. Mlango ulikuwa wazi. Akaenda kuufunga.